Mtoto Anaharisha: Mwongozo Kamili wa Kupima Hali Yake na Kutafuta Chanzo, Hatua kwa Hatua

Mtoto anapoanza kuharisha, swali la kwanza katika nyumba nyingi ni "tumpe dawa gani?", na jibu la kwanza dukani huwa ni Flagyl. Siku ya pili bado anaharisha, anaongezewa antibaiotiki nyingine. Siku ya tatu anafikishwa zahanati amelegea, macho yameingia ndani, na mama amebeba mfuko wenye chupa tatu za dawa bila hata pakiti moja ya ORS.

Kosa hili linajirudia kwa wazazi wenye upendo na bidii, kwa sababu mpangilio wa kazi umegeuzwa: mdudu anatafutwa kabla maji hayajapimwa. Kuharisha kwa maji kunaua hasa kwa kumaliza maji na chumvi za mwili, na mtoto mdogo anaweza kufika hatarini ndani ya saa chache. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zina mfuatano wake, na ninaomba usiuruke: kwanza hakikisha ni kuharisha, kisha pima maji, anza kuyarudisha, ndipo utafute chanzo.

Mwongozo unamhusu zaidi mtoto wa chini ya miaka mitano. Pale ambapo mtu mzima anahusika, nimesema hivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pakiti za ORS, yaani maji ya chumvichumvi, angalau mbili, pamoja na vidonge vya zinki. Vyote hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa muhimu.
- Chombo ambacho ujazo wake unaujua kwa uhakika. Chupa mbili za maji zilizoandikwa nusu lita zinatosha. Jagi la nyumbani lisilo na alama halifai mpaka ulipime kwa chupa hizo.
- Maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kama WaterGuard na kusubiriwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake.
- Kikombe na kijiko cha chai. Chupa ya chuchu iweke kando kwa sasa, maana ni ngumu kuisafisha na inaweza kuwa ndiyo iliyoleta ugonjwa.
- Nepi za kitambaa au vipande vya kanga safi. Pampasi hunyonya choo cha maji na mkojo pamoja, na mzazi anabaki hajui kama mtoto amekojoa.
- Simu au saa, daftari na kalamu, kipimajoto kama kipo, na kadi ya kliniki ya mtoto.
- Sabuni na maji ya kunawa. Atakayebadilisha nepi ndiye mara nyingi atakayekoroga ORS, na mikono yake ni njia fupi kuliko zote ya kueneza ugonjwa ndani ya nyumba.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni kuharisha

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni kuharisha mtu anapopata choo chepesi au cha maji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, au mara nyingi kuliko kawaida yake. Choo kigumu kinachotoka mara nyingi si kuharisha. Vilevile choo laini cha rangi ya njano cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, hata kikitoka kila anaponyonya, ni cha kawaida ikiwa ananyonya vizuri na anaongezeka uzito. Watoto wa namna hii hupewa dawa bure, na wengine huachishwa kunyonya kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo.

Kinachobeba uzito ni badiliko. Ikiwa mtoto aliyekuwa akipata choo mara mbili kwa siku sasa anapata mara saba, na kimekuwa maji, hilo ni tatizo.

Fungua daftari sasa. Andika saa ya choo cha kwanza, kisha kila kinachofuata kiandikie mstari wake: saa, kilivyo, kama ametapika, kama amekojoa. Utajua hatua hii imefanikiwa pale utakapoweza kumwambia muuguzi, "alianza jana saa nne usiku, hadi sasa ni mara tisa, ametapika mara mbili, mara ya mwisho kukojoa ni saa kumi na moja alfajiri." Sentensi moja kama hiyo inamsaidia kuliko maelezo ya robo saa ya "anaharisha sana".

## Hatua ya 2: Pima upungufu wa maji

Hapa ndipo ninapotaka usimame kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Hakuna maabara inayohitajika. Kuna mambo manne ya kuangalia, nayo ndiyo yale yale ambayo mhudumu wa zahanati atayaangalia.

Hali ya mtoto. Je, ni mchangamfu kama kawaida? Je, anasumbuka, analia bila kubembelezeka? Au amelegea, analala muda wote, haamki vizuri akiitwa? Usimpime akiwa usingizini wakati wake wa kulala, mwamshe.

Macho. Tazama kama yameingia ndani. Mama anaujua uso wa mwanawe kuliko daktari yeyote, kwa hiyo jiulize kama macho hayo yako tofauti na ya juzi.

Unywaji. Mpe ORS au maji safi kwa kijiko. Akinywa kama kawaida, ni vizuri. Akikirukia kikombe, akakishika na kulia kinapoondolewa, hicho ni kiu cha upungufu wa maji. Akishindwa kumeza, au akinywa kwa udhaifu mno, hali ni mbaya sana. Wazazi wengi hukosea hapa kwa kufurahi: "anakunywa vizuri, anapona." Kunywa kwa pupa ni dalili ya hatari ya kati.

Ngozi ya tumbo. Mlaze chali, mikono kando, miguu imenyooka. Katikati ya kitovu na ubavu, finya ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo ukifuata urefu wa mwili, yaani kutoka kichwani kuelekea miguuni, wala usikate tumbo kwa upana. Usitumie kucha. Shikilia kwa sekunde moja, achia, tazama. Ngozi yenye maji ya kutosha inarudi papo hapo. Ikibaki imesimama hata kwa muda mfupi tu, imerudi polepole. Ikichukua sekunde mbili au zaidi, imerudi polepole sana.

Sasa unganisha ulichokiona:

1. Upungufu mkali: mbili au zaidi kati ya hizi: amelegea au hana fahamu, macho yameingia ndani, hawezi kunywa au anakunywa kwa udhaifu, ngozi inarudi polepole sana. Huyu anahitaji dripu. Ondoka naye sasa hivi kwenda kituo cha afya au hospitali, na kama bado anaweza kumeza, mpe ORS kwa kijiko njia nzima, huku akiendelea kunyonya.
2. Upungufu wa kati: mbili au zaidi kati ya hizi: anasumbuka na kulialia, macho yameingia ndani, anakunywa kwa pupa, ngozi inarudi polepole. Anza ORS na umpeleke zahanati siku hiyo hiyo, ambako atapewa kiasi kinachopimwa kwa uzito wake, takriban mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, akiwa chini ya uangalizi.
3. Hakuna upungufu unaoonekana: dalili hazitoshi kumweka katika makundi hayo mawili. Anaweza kuhudumiwa nyumbani, lakini kipimo hiki kirudiwe asubuhi, mchana, jioni na usiku, kwa sababu hali ya asubuhi haithibitishi ya jioni.

Utosi uliozama na kulia bila machozi huongeza uzito wa hofu, na mtoto asiyekojoa kwa saa sita anahitaji kuonwa. Naomba nilieleze suala la utosi bila kuzunguka: utosi unazama kwa sababu maji yamepungua mwilini. Si ugonjwa wa peke yake, na dawa ya kupaka kichwani haiurudishi. Maji yakirudi, utosi unarudi.

Tahadhari moja. Kwa mtoto aliyekonda sana kwa utapiamlo, ngozi hurudi polepole hata kama hana upungufu wa maji, na kwa mnene au mwenye miguu iliyovimba inaweza kurudi haraka ilhali maji yamekwisha. Mtoto mwenye utapiamlo mkali apelekwe kituoni bila kujali ngozi inasema nini, maana hata kiasi cha maji atakachopewa kinapangwa kwa namna nyingine.

## Hatua ya 3: Anza kurudisha maji kabla hujajua chanzo

ORS hufanya kazi kwa sababu glukosi iliyomo huvuta chumvi kupita kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na chumvi huvuta maji. Njia hiyo hubaki wazi hata utumbo ukiwa umeshambuliwa. Lakini inategemea uwiano, na uwiano ndio unaoharibiwa majumbani.

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Soma pakiti. Nyingi ni za lita moja, na nyingine ni za nusu lita. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti yako ndiyo utakayoifuata, hata kama jirani alitumia nyingine.
3. Pima maji kamili kwa chupa unayoijua, kisha mimina unga wote kwa mara moja na ukoroge mpaka uyeyuke.
4. Onja. Iwe na ladha ya machozi. Ikiwa na chumvi kali kuliko hapo, maji hayakutosha. Mwaga uanze upya.
5. Usiongeze sukari, soda, juisi wala maziwa, na usichemshe baada ya kuchanganya.
6. Funika. Kikifika saa 24, kilichobaki kimwagwe.

Kosa ninalolisikia kuliko yote ni la kutaka kuokoa pakiti: mzazi anachota unga kidogo, anakoroga kwenye glasi, anakunja pakiti kwa ajili ya kesho. Hakuna anayejua ni chumvi kiasi gani imeingia katika glasi hiyo. Ikizidi, inaweza kumpa mtoto degedege. Ikipungua, haifanyi kazi. Pakiti ni ya bei rahisi, na heri lita nzima imwagwe kesho kuliko glasi moja isiyojulikana.

Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Wa miaka miwili na kuendelea apewe mililita 100 hadi 200. Mdogo apewe kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea taratibu zaidi. Kutapika si sababu ya kuacha, kwani sehemu ya alichokunywa imeshapita.

Aendelee kunyonya, na wa zaidi ya miezi sita aendelee kula kidogo kidogo. "Kupumzisha tumbo" kwa kumnyima chakula kunamwongezea udhaifu na kuchelewesha utumbo kupona.

Zinki ianze siku hiyo hiyo: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, miligramu 10, yaani nusu kidonge cha 20, kwa mwenye umri chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama, ORS au maji safi. Wengi huacha choo kinapokuwa kizito siku ya tatu, nao hupoteza faida kubwa, kwa sababu zinki hupunguza pia uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili au mitatu inayofuata.

ORS ikikosekana kabisa, pima lita moja ya maji safi, tia vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa mgongo wa kisu. Huo ni msaada wa njiani, kwa sababu hauna potasiamu iliyomo kwenye pakiti.

Mafanikio ya hatua hii yaangalie kwenye mkojo, uchangamfu na macho. ORS haifungi tumbo. Mtoto anaweza kuendelea kuharisha siku mbili tatu huku akikojoa na kucheza, na hapo dawa imefanya kazi yake.

## Hatua ya 4: Soma choo chenyewe

Mtoto anapokunywa, sasa tafuta chanzo. Tazama choo kwenye nepi ya kitambaa, mahali penye mwanga.

Maji matupu, na mara nyingi kutapika na homa kulitangulia. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kirusi cha rota kinafikiriwa mapema. Kutapika hutangulia, kuharisha hufuata na kudumu siku tatu hadi nane. Antibaiotiki haziui virusi. Angalia kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya rota, ambayo huanza akiwa na wiki sita. Aliyechanjwa anaweza kuugua, ila kwa kawaida si vikali. Wapo pia bakteria na vimelea wanaotoa choo cha namna hii, na bila maabara huwezi kuwatenganisha, lakini matibabu ya mwanzo ni yale yale uliyokwisha kuyaanza.

Maji mengi meupe kama yaliyooshea mchele, yanayotoka mfululizo bila maumivu makali ya tumbo. Fikiria kipindupindu, hasa mtu mzima au mtoto mkubwa anapolegea ndani ya saa chache, au mtaani wakiwepo wagonjwa zaidi ya mmoja. Mpeleke kituoni mara moja huku akinywa ORS njiani, na mtoe taarifa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au serikali ya mtaa. Kuficha kwa aibu kunawaponza majirani wanaochota maji pamoja nanyi.

Damu iliyochanganyika na choo, pamoja na makamasi, homa na tumbo la kukata. Hii ni kuhara damu. Kwa watoto chanzo kikuu ni bakteria wa shigela, wala si ameba kama wengi wanavyoamini, na ndiyo maana Flagyl haiwasaidii wengi wao. Mtoto huyu anahitaji antibaiotiki sahihi kutoka kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, hata kama hana upungufu wa maji.

Damu na makamasi kama jamu nyekundu, kwa mtoto mchanga anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, anatapika kijani, tumbo limevimba. Hii inaweza kuwa utumbo kuingia ndani ya utumbo. Ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali, usipite dukani.

Choo chenye mafuta, kinachonuka sana na kuelea, tumbo likijaa gesi kwa wiki kadhaa. Kimelea cha giadia kinafikiriwa, na hapa kipimo cha choo kina maana.

Rangi ya kijani peke yake haina uzito ambao wengi huipa.

## Hatua ya 5: Hesabu siku

Kuharisha kwa chini ya siku 14 ni kwa ghafla, na kwingi huisha ndani ya wiki. Kukifika siku 14 au zaidi kumekuwa kwa kudumu, na orodha ya vyanzo inabadilika: vimelea vya giadia na kriptosporidiamu, utumbo uliojeruhiwa usioweza kusaga sukari ya maziwa, utapiamlo, na maambukizi ya virusi vya ukimwi. Usichukie mhudumu anapopendekeza kipimo cha VVU au anapozungusha utepe kwenye mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mzunguko wa mkono ulio chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na unageuza mpango mzima wa matibabu.

## Hatua ya 6: Rudi nyuma kwa saa na siku

Muda kati ya kula na kuugua husema mengi. Andika kila alichokula na kunywa siku tatu zilizopita.

Waliokula chakula kimoja, kwa mfano pilau la shughuli lililokaa tangu asubuhi, wakaanza kutapika pamoja ndani ya saa moja hadi sita, wamepata sumu ambayo bakteria waliiacha kwenye chakula. Huanza kwa kishindo na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Dalili zikija baada ya siku moja hadi tatu, maambukizi kama rota au shigela yanalingana zaidi. Kipindupindu huanzia saa chache hadi siku tano. Giadia huchukua wiki moja au mbili, kwa hiyo chakula cha jana hakihusiki.

Kisha jiulize: maji yamebadilika? Bomba lilikatika tukanunua ya madumu? Mvua imefurisha vyoo karibu na kisima? Nani mwingine anaumwa nyumbani au kwa mlezi wa mchana? Uji wa mtoto uliachwa tangu asubuhi ukatolewa mchana bila kuchemshwa? Na je, ameanza dawa yoyote karibuni? Antibaiotiki aliyopewa kwa kikohozi wiki iliyopita inaweza kuwa ndiyo inayomharisha, na hapo kuongeza nyingine ni kuchochea moto.

## Hatua ya 7: Tafuta ugonjwa ulio nje ya tumbo

Mtoto mdogo anaweza kuharisha na kutapika kwa malaria, nimonia, maambukizi ya sikio au ya njia ya mkojo. Akiwa na homa mahali penye malaria, apimwe kwa kipimo cha haraka. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni kupumua kwa haraka kunakohitaji kuonwa.

Kuhusu meno, ukweli unaumiza lakini lazima usemwe. Meno huanza kuota wakati mtoto anaanza kula vyakula vingine, kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo kuharisha kunakutana nayo. Jino halisababishi kuharisha kunakomaliza maji. Na yale yanayoitwa "meno ya plastiki" ni vichipukizi vya meno ya kawaida ya mtoto. Kuyang'oa kunamletea kutokwa damu na maambukizi, huku ugonjwa uliomharisha ukiendelea ulivyokuwa.

## Hatua ya 8: Kituoni, na sampuli ya choo

Toa daftari na kadi. Taja dawa zote alizopewa, zikiwemo za asili, bila kuogopa kufokewa.

Usishangae mhudumu asipoagiza kipimo cha choo. Kwa mtoto anayeharisha maji bila damu, kwa siku chache, majibu ya darubini kwa kawaida hayabadilishi matibabu, na kutopimwa si kupuuzwa. Kipimo kina kazi pale penye damu, kuharisha kulikozidi siku 14, shaka ya kipindupindu, au mgonjwa mwenye kinga dhaifu.

Kikiagizwa, fanya hivi:

1. Pokea kopo la maabara. Kopo la dawa lililooshwa linaweza kuwa na mabaki yanayoua vimelea.
2. Choo kipokelewe kwenye poti safi kavu au karatasi ya nailoni. Kisichanganyike na mkojo wala maji, na kisichukuliwe kutoka kwenye pampasi.
3. Chota sehemu yenye damu au makamasi. Ndiko waliko wanaotafutwa.
4. Kifikishe maabara ndani ya nusu saa. Ameba hai hutambulika kwa kutembea, na kikipoa hawatembei.
5. Sampuli ya kuotesha bakteria, yaani kuwakuza maabara ili watambulike, itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibaiotiki, ila mtoto aliye mahututi asicheleweshwe kwa ajili hiyo.

## Hatua ya 9: Elewa majibu

Fomu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwombe mhudumu akueleze kila mstari.

Seli nyingi za usaha na chembe nyekundu za damu humaanisha utumbo umejeruhiwa, na huelekeza kwa bakteria kama shigela. "Ameba" ina majibu mawili tofauti. Ameba hai aliyemeza chembe za damu ndiye ushahidi wa ugonjwa. Vifuko vyake peke yake, yaani ameba akiwa amejifunga ndani ya ganda, havitoshi, kwa sababu wapo ameba wasio na madhara ambao vifuko vyao vinafanana kabisa kwa darubini. Uliza basi, "mmeona vifuko au ameba anayetembea mwenye damu ndani?" Swali hilo moja linaweza kumwepusha mtoto na dawa asiyoihitaji.

Mayai ya minyoo hutibiwa, lakini mara nyingi siyo chanzo cha kuharisha kwa ghafla. Majibu yasiyo na vimelea hayakatai ugonjwa, kwani darubini ya kawaida haioni virusi wala kutofautisha bakteria. Na kipimo cha Widal cha mara moja hakitoshi kumwita mtoto, au mtu mzima, mgonjwa wa taifodi. Kinachothibitisha zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu.

Dawa za kufunga tumbo, kama loperamide, asipewe mtoto kwa jibu lolote kati ya haya. Zinaweza kusimamisha utumbo huku ugonjwa umebaki ndani.

## Lini urudi

Rudi mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akizidi kulegea, homa ikianza, damu ikionekana, au akitapika kila kitu. Mwenye kuhara damu aliyeanzishiwa antibaiotiki aonwe tena baada ya siku mbili au tatu hata kama anaonekana nafuu. Asiye na damu arudi siku ya tano kama hali haijatengemaa. Mtoto wa chini ya miezi miwili asisubiri lolote kati ya haya. Apelekwe tangu choo cha kwanza kisicho cha kawaida yake.

Choo kikishakuwa kizito, zinki iendelee mpaka siku zake zitimie, na mtoto aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito uliopotea. Mpime kliniki mwisho wa wiki hizo, na karatasi ya daftari iliyojaa saa na idadi ikunjwe ndani ya kadi yake.